Sehemu ya Nne

Katika miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi kwenye maktaba ya chuo cha uuguzi, sijawahi kumruhusu mwanamume kukaa chumba kimoja na dada yake wakati filamu inaonyeshwa. Wakuu wa chuo wamebadilika, kompyuta zimebadilika, wafadhili wamekuja na kuondoka, lakini mlango wa chumba cha video ni wangu, na pale mlangoni nauliza swali lile lile: "Kuna ndugu humu?" Wakiwepo, mwanamume anatoka. Sijali kama ni filamu ya moyo, ya figo au ya kunawa mikono. Filamu hazina adabu. Unaanza na figo, kufumba na kufumbua mtu amevuliwa nguo.

Na kwetu visiwani Tonga dada si yule tu mliyenyonya naye ziwa moja. Binti wa shangazi ni dada, binti wa mjomba ni dada, na binti wa binamu ya baba naye ni dada. Kuna mwanafunzi mmoja, Lopeti, mrefu kama mlingoti, ana dada watano darasani kwake. Miaka miwili nimekuwa nikimtoa nje. Nadhani uuguzi wake ameusomea kwenye ngazi za maktaba.

"Kaka Manase," aliniambia siku moja, "nikimaliza chuo nitajua kutibu nusu ya mtu."

"Itibu vizuri hiyo nusu," nikamjibu. "Toka."

Chuo kilikuwa na vitu viwili vya maana mtandaoni. Kimoja ni hifadhidata ya makala za utafiti, ambayo walimu huisifia sana kwenye vikao na hawaifungui. Kingine ni mkusanyiko wa video za mafunzo, na huo ndio wanafunzi walioupenda. Tatizo ni kwamba tangu kebo ya baharini ilipokatika tulikuwa tunaishi kwa setilaiti, na setilaiti yetu ilikuwa na roho ndogo: video moja kwa wakati mmoja, basi. Kwa hiyo darasa zima lilikusanyika kwenye chumba cha video, nami nikairusha kutoka kwenye kompyuta ya mezani kwangu, nje ya mlango. Ikikwama, na ilikuwa ikikwama kila mara, ilinibidi niifungue upya kwangu, nitafute dakika ilipoishia, niitazame kidogo kuhakikisha inakwenda, ndipo niirudishe kwao.

Kisha dada yangu Toakase akaja kusoma uuguzi. Huyu ni wa tumbo moja na mimi. Nilikuwa na miaka tisa alipozaliwa kule kwenye visiwa vya Ha'apai, na siku hiyo hiyo mama alifariki. Bibi ndiye aliyetulea. Nilipoanza kuota ndevu nikahamia kulala kwenye kibanda cha wavulana, kama inavyotakiwa, na tangu hapo sijakaa na Toakase tukatazama kitu kimoja, hata picha za harusi. Nilimbeba mikononi akiwa mchanga, lakini yeye ndiye mkubwa kwangu. Dada humzidi kaka, hilo halina mjadala, na yeye akisema neno nyumbani kwangu mimi nanyamaza na watoto wangu wananyamaza.

Habari za mama hatukuwahi kuziongea. Mambo ya uzazi hayasemwi kati ya kaka na dada. Alijua tu kwamba mama alifariki siku aliyozaliwa yeye. Alifariki vipi hakuniuliza, na kama angeniuliza nisingejibu.

Toakase alifaulu masomo yote isipokuwa mtihani mmoja wa vitendo: mwanamke anayetoka damu baada ya kujifungua, dawa imekwisha, utafanya nini. Aliufeli mwezi wa tano. Marudio huwa ni mara moja. Ukifeli tena unarudi kwenu na sare yako unamgawia mdogo wako. Marudio yake yalipangwa Jumatatu saa nne asubuhi, na usajili wetu wa video ulikuwa unaisha Ijumaa iliyotangulia, saa kumi na moja jioni, maana mfadhili alikuwa amechoka na sisi.

Ijumaa hiyo, saa nane mchana, wanafunzi watano wa marudio waliingia kwenye chumba cha video na Mwalimu Papiloa. Huyu mama ni mnene, ana sauti ya kuita watu ng'ambo, na ndiye atakayesimamia mtihani, kwa hiyo baada ya Ijumaa hakuruhusiwa kumfundisha yeyote kati yao. Filamu ilikuwa na sehemu nne. Kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake aliyoifeli. Ya Toakase ilikuwa ya nne, ya mwisho.

Niliwasha, nikaiacha ikiwaka, nikatoka kwenda kusimama uwanjani karibu na mnazi. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila darasa la Toakase lilipokuja. Sikumaliza hata dakika tano.

"Manase!" Papiloa alitoa kichwa dirishani. "Duara linazunguka huku mpaka nasikia kizunguzungu!"

"Subirini, litaacha."

"Litaacha lini? Usajili ukiisha?"

Nikarudi mpaka mlangoni, nikasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unajua siwezi kuingia."

"Nani amekwambia uingie? Irudishe."

"Nikiirudisha lazima niione."

"Basi ione ukiwa huko mezani kwako. Kati yako na yeye kuna ukuta wa matofali. Ni ukuta wa serikali, Manase, tuuamini leo."

Nilikaa mezani nikawaza. Je, ukuta unatosha? Mwiko unasema msitazame pamoja. Kama yeye anatazama kule na mimi natazama huku, kitu kimoja, dakika moja, hapo tuko pamoja au hatuko? Wanaume wangeweza kuizungusha kava, kinywaji chetu cha vikao, wiki nzima juu ya swali hilo na wasifike popote. Mimi nilikuwa na saa tatu. Nikaamua kwamba ukuta unatosha. Nilikosea, lakini hata leo ukinirudisha kwenye kiti kile sijui ningeamua nini kingine.

Sehemu ya kwanza ilikwama mara tatu, ya pili mara mbili. Kila mara niliirudisha nikiwa nimeziba skrini kwa kiganja, natazama tu tarakimu za dakika pale chini kupitia nafasi za vidole. Kama ungenikuta ungefikiri nina wazimu. Sehemu ya tatu ilikwenda salama. Ya nne ikakataa kabisa kuanza, ikabidi niitafute kwenye orodha, niifungue, nisubiri, niifunge, niifungue tena. Ilipokubali ilikuwa karibu saa kumi.

Mezani kwangu kuna kipaza sauti cha kutangazia kwamba maktaba inafungwa. Spika zake ziko kila chumba. Nikabonyeza kitufe nikasema, "Sehemu ya nne inaanza sasa," kisha nikakiachia. Kitufe hakikurudi juu. Kilikuwa na ugonjwa huo tangu zamani na mimi nilijua, ila siku hiyo akili yangu haikuwa kwenye vitufe.

Kiganja changu hakikuwa kwenye skrini. Nilisahau, au nilichoka, sijui. Nikamwona mwanamke kalala kitandani, na damu, na daktari mmoja mama wa makamo mwenye mvi. Alisema polepole kama anayeongea na watoto: dawa hamna, hospitali iko mbali, damu inatoka, mna nini? Halafu akainua mikono yake miwili mbele ya kamera. Mna hii, akasema. Akaanza kumkanda yule mwanamke tumboni, kisha akakunja ngumi akaibana juu ya kitovu, na damu ikapungua, ikapungua, ikawa kidogo tu.

Nami nikawa niko Ha'apai, nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu mchana wa jua kali. Bibi yuko ndani, shangazi yuko ndani. Mashuka yanatolewa mekundu, yanaingizwa mengine, yanatolewa mekundu. Nesi alikuwa amekwenda kisiwa cha pili kwa mashua. Mimi nimekaa, mikono yangu nimeibana katikati ya magoti, kwa sababu nimeambiwa nikae na nisiguse kitu.

"Mikono tu?" nilisema. "Mikono tu? Mama ametokwa na damu mpaka akakauka, na nyumba nzima tulikuwa na mikono?"

Sauti yangu ikanirudia kutoka nyuma ya ukuta, kubwa, kama ya mtu mwingine.

Mlango ukafunguka. Toakase akatoka akiwa amekumbatia daftari lake kifuani, akapita mbele ya meza yangu bila kugeuza shingo. Kwenye skrini yangu yule mwanamke alikuwa bado kalala wazi tumbo zima. Kama aliiona sijui. Naamini aliiona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na meza, na kompyuta, na chuo chote.

Papiloa akaja amejishika kiuno. "Manase. Umefanya nini?"

"Kitufe kiligoma."

"Sikuulizi kitufe."

"Mfuate, mwalimu. Mrudishe. Bado kuna saa nzima."

"Arudi atazame kitu ambacho kaka yake anakitazama? Mbele ya wenzake, walioyasikia yote? Wewe ungerudi?" Akazima projekta kule ndani, akawaruhusu wale wanne waende, maana sehemu zao walikuwa wameziona. Alimpigia Toakase simu mara nne na haikupatikana.

Kwangu mezani filamu iliendelea, na mimi sikuizima. Niliitazama mpaka mwisho, nikairudisha, nikaitazama tena. Aibu ilikuwa imeshaingia nyumbani, nikaona hakuna haja tena ya kuifungia mlango. Mara ya tatu nilikuwa katikati ilipofika saa kumi na moja, na skrini ikaandika kwamba maktaba yetu haina tena ruhusa.

Kwa hiyo dada yangu alikuwa na siku mbili na mtihani ambao alishaufeli mara moja, na mtu pekee aliyeiona sehemu yake yote ni mimi, ambaye siruhusiwi kumwambia.

Jumamosi nilifungua maktaba nikakaa na ile hifadhidata ya makala. Nilitafuta neno baada ya neno, maneno ambayo sijawahi kuyaandika hata kwenye karatasi ya choo. Kila mwisho wa mwezi mashine hutoa taarifa kwa mkuu wa chuo: nani katafuta nini, mara ngapi. Nikawaza mkuu atakavyosoma kwamba Manase wa maktaba ametafuta habari za mfuko wa uzazi mara kumi na nne siku ya Jumamosi. Na asome. Nilipata makala moja nzuri, kurasa kumi na moja, haina hata picha moja, imeandikwa kwa Kiingereza cha madaktari wanaoandikiana wao kwa wao. Nikaichapa. Nikarudi nayo nyumbani kwa mke wangu, Pelenaise.

"Utampelekea wifi yako," nikamwambia. "Na utamwonyesha kwa vitendo. Mimi nakufundisha wewe, wewe unamfundisha yeye. Hapo hakuna mwiko."

"Mimi nasuka mikeka, Manase. Mimi si nesi."

"Ni mikono tu."

Tukalaza gunia la muhogo sakafuni, nikachora kitovu kwa mkaa. Nikapiga magoti upande huu, yeye upande ule, tunatazamana. Nikamwonyesha kukanda. Nikamwonyesha ngumi: juu kidogo ya kitovu, kushoto kidogo, bana mpaka usikie mshipa wa pajani umeacha kudunda. Pelenaise alicheka mpaka akashika mbavu.

"Gunia halina paja!"

"Jifanye lina paja."

"Haya, samahani mama gunia, pole na uzazi." Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. "Ulikuwepo siku ile," akasema. "Miaka yote hii hukuniambia kwamba ulikuwepo."

"Endelea kubana," nikasema.

Jumapili baada ya ibada, watu walipokwenda kufukua vyakula vyao walivyovioka shimoni, Pelenaise alikwenda kwa baba mdogo, anakoishi Toakase, na karatasi zangu chini ya mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la ibada. Alirudi jioni. Alisema Toakase alimsikiliza, alifanya alichoonyeshwa, hakusema zaidi ya ndiyo na asante. Hakuwa amekwenda kanisani. Alikuwa hajala tangu Ijumaa. Chakula changu nikampa jirani.

Jumatatu, jua ndiyo kwanza linatoka, nikasikia sauti uani.

"Manase. Toka nje."

Aliniita jina langu. Dada yangu huniita kaka. Nilitoka na shati mkononi. Alikuwa amesimama katikati ya ua wangu na sare yake nyeupe, zile karatasi kumi na moja mkononi, macho mekundu. Mimi nikatazama chini, yeye akatazama juu ya paa.

"Karatasi zinasema kushoto," akasema. "Wifi kanionyesha kulia. Ipi ni ipi?"

Nikaelewa papo hapo. Mimi na Pelenaise tulikuwa tumepiga magoti tunatazamana, na kilichokuwa kushoto kwangu yeye alikibeba kama alivyokiona, kulia. Ndilo kosa lile lile alilolifanya Toakase mwezi wa tano, na mimi nilikuwa nimempelekea mara ya pili nyumbani kwake.

"Kushoto," nikasema. "Karatasi ndiyo sahihi."

"Kushoto kwa nani? Kwangu au kwa mgonjwa? Kwa nguvu kiasi gani? Karatasi inasema kiasi cha kutosha. Kiasi cha kutosha ni kiasi gani?" Akazikunja karatasi. "Wewe umeiona. Nionyeshe."

"Dada, huo ni mwiko. Nitamfundisha tena Pelenaise..."

"Nina mtihani saa nne!"

"Siwezi. Ni heshima yako ninayoilinda."

"Ni heshima ya nani?"

"Yako."

"Basi ni mali yangu. Ijumaa uliivunja kwa kipaza sauti bila kuniuliza. Leo naitoa mwenyewe, nusu saa. Nikiondoka hapa utanirudishia." Kwa mara ya kwanza akashusha macho akanitazama. "Mimi ni dada yako, Manase. Nakuagiza."

Sasa niambie ungefanya nini. Mwiko unasema usifanye. Mwiko ule ule unasema dada akiagiza unatii. Nilisimama pale na shati langu, nikamchukia yule mfadhili, na setilaiti, na nikajichukia mwenyewe zaidi. Halafu nikamwita mke wangu.

Pelenaise akatandika mkeka ndani, akalala chali. "Msiniue kabla ya chai," akasema. Hakuna aliyecheka, naye hakutegemea tucheke.

Nilimwonyesha Toakase kwenye tumbo la mke wangu. Sikumtazama yeye, naye hakunitazama mimi. Tulimtazama Pelenaise, na Pelenaise akatazama dari. Nilikanda, nikaondoa mikono. Yeye akakanda. Nikaweka ngumi, nikaondoa. Yeye akaweka. Singeweza kuushika mkono wake kuusogeza, kwa hiyo ilikuwa ni maneno tu, maneno ambayo sijawahi kuyatamka mbele yake maishani.

"Juu zaidi. Kushoto kwake yeye, si kwako. Usitumie kiwiko, nyoosha mkono, weka uzito wa bega. Vidole vya mkono wa pili viko wapi?"

"Pajani."

"Panadunda?"

"Panadunda."

"Basi haijatosha."

Akabana. Pelenaise akaguna. "Wifi, taratibu, mimi sijazaa leo."

"Panadunda?"

Toakase akainamisha kichwa, anasikiliza kwa vidole. "Pameacha," akasema. "Kaka, pameacha." Akaondoa ngumi haraka kama aliyeungua.

Tulirudia mara sita. Mara ya sita hakuniuliza kitu. Akanawa, akafunga nywele, akakusanya karatasi. Mlangoni akasimama, mgongo wake kwangu, akasema, "Nirudishie." Akaenda.

Najua unachotaka kujua. Alifaulu. Papiloa aliniambia saa sita, alitoka kwenye chumba cha mtihani akaja moja kwa moja mezani kwangu. Alisema Toakase alimshika yule mwanasesere wa mpira kana kwamba anamjua jina. Alisema pia kwamba mtahini wa pili, daktari wa kutoka hospitali, alimuuliza swali moja la ziada: mama akianza kutoka damu hivi, una muda gani? Toakase akajibu vizuri sana, mwanzo hadi mwisho, halafu akabaki amesimama, ikabidi wamwambie mara mbili kwamba mtihani umekwisha.

"Sasa mbona huchekelei?" Papiloa akaniuliza. "Umepata nesi nyumbani."

"Nachekelea," nikasema.

Nilitoka kwenda verandani kupata hewa. Nilifikiri Toakase ameshaondoka. Kumbe alikuwa pale, amesimama kwenye ngazi ya juu, anatazama uwanja, wenzake wako chini wanapigana picha na kutupiana maua. Nikataka kurudi ndani, kwa kuwa nusu saa yetu ilikwisha asubuhi. Akasema bila kugeuka:

"Siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ilichukua muda gani?"

Ningeweza kudanganya. Kaka wengi wangedanganya na ingekuwa heshima. Lakini alikuwa amesimama pale na sare nyeupe, ametoka kujibu swali hilo hilo mbele ya daktari, na angejua.

"Kengele ya ibada ya mchana ililia ndiyo kwanza wewe umelia," nikasema. "Watu walipotoka kanisani mama bado alikuwa anaongea. Aliuliza wewe ni mtoto gani, wakamwambia wa kike. Walishafika majumbani, wameshaanza kula, ndipo bibi akatoka nje."

Toakase akatikisa kichwa polepole, kama anayehesabu.

"Basi muda ulikuwepo," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba hatukujua, kwamba kisiwa kizima hapakuwa na mtu aliyejua. Lakini alikuwa ameshaanza kushuka ngazi kwenda kwa wenzake, na mimi si mtu wa kumwita dada yangu kwa sauti mbele za watu.